Picha Yangu Yenye Utepe Mweusi

Jumatatu, 14 Oktoba

Daktari wa presha kasema niandike kila jioni jambo moja la kushukuru. Haya: nashukuru hakunitoza kwa ushauri huo.

Habari kubwa! Bibi Pyo, mwenyekiti wa nyumba ya wazee hapa Gunsan, anapasuliwa moyo Jumatatu ijayo. Anataka picha yake ya msiba, ile ya kuwekwa mbele ya waombolezaji, ipigwe mapema, kama desturi yetu. Hataki yamkute ya marehemu mzee Ra, ambaye picha yake ilikatwa kwenye kitambulisho, akazikwa na uso wa mshukiwa wa wizi wa ng'ombe. Atakayempendeza Bibi Pyo atawapiga picha na wazee wengine wote.

Bong kinyozi, wa ng'ambo ya kichochoro, keshajipendekeza. Ana kamera mpya. Mtu niliyemzidi umri kwa miezi minane, na hajaniita kaka hata siku moja!

Nilifika mji huu na pasi moja ya nguo mkononi. Leo nina duka la dobi. Sahani ya kwanza ya wali nilipewa na Bibi Pyo. Picha hii ni yangu. Nimenunua kamera iliyotumika.

Jumanne, 15 Oktoba

Hakuna anayekubali kukaa mbele yangu. Basi najipiga mwenyewe. Kamera juu ya rundo la mashati, nabonyeza, nakimbilia kiti, inalia, inapiga. Picha arobaini. Dari, kumi na tisa. Sikio, sita. Zilizobaki nimefumba macho.

Mke wangu kazitazama zote kwa utulivu. Baba Yujin, akasema, hii ya dari imekutoa vizuri.

Jumatano, 16 Oktoba

Ubunifu! Nikafungulia mvuke wa pasi kubwa ili nionekane nimeshuka mawinguni. Lenzi ikaingia ukungu, nyusi zikalowa. Bong akachungulia, akauliza napiga picha au najichemsha. Akaniachia suti yake nyeusi ya kufuliwa, akaenda zake akipiga mluzi.

Lakini mvuke ulipotawanyika nikaona kitu. Mwanga wa dirisha la upande ulikuwa umelala shavuni mwangu kama shuka iliyonyooshwa. Nusu angavu, nusu kivuli. Kumbe mwanga haupokewi usoni, unapokewa ubavuni! Kilichoharibu ni shati langu la maua.

Suti ya Bong ilikuwa inaning'inia palepale. Inanuka mafuta ya nywele. Ikanikaa.

Nikaketi, nikaufikiria ule wali wa Bibi Pyo. Kamera ikalia. Kwa mara ya kwanza maishani nimefanana na mtu! Namshukuru Bong kwa kuwa mchafu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mke kaenda Jeonju kwa binti yetu na ndoo ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Nafasi yangu.

Mteja lazima aone bidhaa iliyokamilika. Hakuna anayenunua koti kwa kuonyeshwa uzi. Na picha ya msiba iliyokamilika ina fremu nyeusi na utepe mweusi. Basi nimejiweka dirishani, fremu nyeusi, utepe juu, maua meupe kulia na kushoto. Kazi safi! Bibi Pyo akipita atajua nani ni nani.

Kesho alfajiri nafunga duka, naenda Iksan kununua karatasi nzuri. Simu nimeizima, betri isiishe. Nashukuru kwa akili niliyojaliwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimerudi alasiri. Kichochoro kimejaa watu.

Bong kafunga saluni, kabandika sufuria la supu ya nyama na pilipili, ile ya msibani. Bibi Pyo kaketi chini, na moyo wake uleule wa kupasuliwa, analia katanguliwa na mtoto aliyemlisha mwenyewe. Wateja waliosahau nguo zao tangu mwaka juzi wanaulizana nani ana ufunguo. Na Bong, mbele ya dirisha, kwa sauti: Kaka! Kaka yangu! Umevaa suti yangu kwenye picha ya mwisho, kumbe ulinipenda!

Nikasubiri kidogo. Nani angekatiza maneno kama hayo? Kisha nikauliza kama supu imeiva.

Mayowe! Bong akanikumbatia, akanipiga na mwiko, akanikumbatia tena, ndipo akauliza suti ilifikaje mwilini mwangu. Bibi Pyo akacheka huku machozi yanamtoka. We Tak, mjinga wewe, akasema, ukinitangulia tena nitakuua. Nikawasha simu; mke wangu akalia, akatukana, akamalizia: Baba Yujin, siku nyingine ukifa, uage.

Nimekula supu ya maziko yangu mabakuli matatu. Tamu. Sikujua nina watu wengi hivi. Nashukuru, na leo daktari hahusiki.

Jumapili, 20 Oktoba

Bibi Pyo kaamua: mimi napiga, Bong anachana nywele. Sharti: ule utepe nikauzike.

Nikamkalisha, dirisha likiwa ubavuni. Akakaza uso.  Akaninong'oneza kwamba kesho anaiogopa.  Nikamwambia: maiti imerudi, supu iko wapi? Akaangua kicheko, nikabonyeza. Kila kunyanzi limecheka.

Bong kaitazama muda mrefu. Umeweza, Tak, akasema. Ile "kaka" keshaimeza tena!

Jumatano, 23 Oktoba

Bibi Pyo kaamka baada ya kupasuliwa. Kauliza picha yake iko wapi. Anaitaka sebuleni, msiba utasubiri. Nashukuru, nashukuru, nashukuru. Nimelia nyuma ya makoti.

Halafu nikapiga hesabu. Siku niliyokufa, theluthi mbili ya nguo zilizosahaulika zilichukuliwa. Miaka thelathini ya kufua nikiwa hai haijaniletea siku kama ile. Na mwezi wa pili biashara hulala. Mimi siwezi kufa mara mbili, watu si wajinga. Lakini Bong ana uso mzuri wa msiba. Bong akifa kama nilivyokufa mimi, kichochoro kizima kitahitaji suti nyeusi zifuliwe siku hiyohiyo.

Leo kaleta suti nyingine, ya kijivu. Nimeijaribu. Inanikaa kuliko ile nyeusi.

Utepe sikuuzika. Nimeufua, nimeupiga pasi.