Uhakiki Wangu wa Ndama wa Ziwani

Alhamisi, 12 Juni 2025

Ukungu. Baridi. Namshukuru Mungu kwa koti la marehemu shemeji. Jumapili ni sikukuu ya mavuno, na Mchungaji Jairo atatangaza mlezi wa maktaba ya usharika. Nimekitamani cheo hicho miaka kumi na moja! Mimi ndiye mhakiki pekee kati ya Kiwira na Tukuyu. Mpinzani wangu ni Agness wa Kisondela, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyetunga Ndama wa Ziwani. Ndama mweupe anaongea. Ijumaa anakufa kwa ajili ya kijiji, Jumapili anaibuka ziwani mzima. Ishara gani hiyo? Hata mbuzi angeielewa! Watoto wanagombania nakala zote sita. Kitabu changu, Misingi ya Uhakiki kwa Watoto, kimeazimwa mara moja, kuzuia mlango usijifunge.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango safi. Wakikosa Ndama, watasoma Misingi, na Mchungaji ataona nani anafaa. Mchana nimetoka maktaba na Ndama wote sita ndani ya koti. Bibi Tusajigwe, mfagiaji wa kanisa, kaniuliza mbona nimenenepa ghafla. Nikamwambia ni maziwa. Nyumbani nimewazika chini kabisa ya tenga la ndizi tulizovundika jikoni, nikafunika kwa majani makavu. Namshukuru Mungu kwa migomba.

Jumamosi, 14 Juni

Vilio maktaba. Mjukuu wangu Tulia kagoma kula. Anasema Ndama sasa amekufa kweli. Nimemweleza kwamba ndama huyo hakuwahi kuwepo, ni kiwakilishi tu. Akalia zaidi! Moyo umeniuma, sifichi. Nimempa Misingi. Kakifanya mto, kalala. Ni mwanzo mzuri.

Jumapili, 15 Juni

Balaa! Kuingia kanisani, tenga letu liko mbele ya madhabahu. Mke wangu Felista kalitoa sadaka ya mavuno bila kuniuliza. Mahubiri sikusikia hata neno. Baada ya ibada, mnada uwanjani. Mzee Lukasi wa Kinyala akalinunua, akalimimina kwenye nyasi. Ndizi. Majani. Ndama sita! Nikatafuta njia ya kukimbilia. Tulia akapiga kelele, "Wamefufuka! Siku ya tatu!" Watoto wakavamia.

Mchungaji kaniuliza kama ni mimi niliyewaweka humo. Nikasema ndiyo. Sikudanganya! Akawatangazia watu kwamba kumbe mimi, Mwalimu Anyitike, nimewafundisha watoto Pasaka kwa vitendo. Agness kanishika mikono yote miwili, machozi yakimtoka, ndaga fijo, mwalimu, ndaga fijo, asante sana. Kisha akamwomba Mchungaji cheo nipewe mimi. Nimepewa! Nami nikalia. Nilishukuru kwa moyo mweupe, bila hila yoyote, kwa dakika kama mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Nina ufunguo wa maktaba! Namshukuru Mungu, Felista, Mzee Lukasi, hata Agness. Tulia kala sahani mbili na sasa anamsomea bibi yake kurasa zenye utomvu wa ndizi.

Lakini mhakiki hanyamazi. Siku ya tatu ni ishara rahisi mno. Uwanja mzima uliiona! Mtunzi makini angengoja ya nne. Agness anasema sehemu ya pili ya Ndama inatoka Krismasi. Nimeanza kukusanya majani makavu. Safari hii nitachimba shimo.