Transfa Imechoka

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amefariki. Nimelia. Si kilio cha kuonwa, nimelia kweli, maana ukweni yeye peke yake ndiye aliyeniita mwanangu bila kuangalia pembeni. Mke wangu hali, hasemi. Ameniomba jambo moja tu: mama yake afike makaburini salama, kwa heshima. Makaburi yako juu mlimani, na mvua haijakatika tangu juzi.

Nikasema jeneza litapanda kwenye gari langu. Magurudumu yote manne yanavuta! Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuwa ameshapangusa pikapu yake. Pikapu yenyewe inavuta nyuma tu. Baba mkwe akakata shauri: gari langu. Msiba ni msiba, lakini moyoni niliruka.

Jumatano, 5 Machi

Nimepeleka gari gereji likaguliwe kabla ya shughuli. Fundi akaingia uvunguni, akakaa sana, akatoka akijifuta mikono bila kunitazama. Akasema transfa imechoka. Ni kile kiboksi nyuma ya giaboksi kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Meno yamelika. Akasema nikiiweka kwenye magurudumu manne itashika kidogo, kisha itajitoa yenyewe, na hapo injini itanguruma bure na gari litateremka hata kama gia imeingia. Akarudia polepole kwamba mlimani nisithubutu. Nikamuuliza kama anamjua shemeji yangu. Hamjui. Ndiyo maana anaongea kirahisi.

Nimeufunga mkono wa transfa, ule wa kuingizia magurudumu manne, kwenye mguu wa kiti, kwa mpira wa baiskeli. Hautoki! Penye nia pana njia.

Alhamisi, 6 Machi

Watu wamejaa msibani. Shemeji amenikuta nimechutama mlangoni mwa gari nakaza mpira. Akauliza, tena kwa sauti, kuna nini. Nikababaika. Nikasema ni mambo ya transfa tu.

Baba mkwe, ambaye masikio hayamtumikii vizuri, akainuka kitini akanikumbatia. Akasema hongera mwanangu, uhamisho ni baraka, na marehemu angefurahi. Mimi! Mtu ambaye ofisini sijahamishwa hata kutoka dirisha moja kwenda jingine. Watu wakaja kunishika mkono, huyu anatoa pole, huyu anatoa hongera. Nifanyeje, nimsahihishe mzee aliyefiwa? Nikashukuru.

Baadaye mke wangu akaniita jikoni. Akauliza nahamia wapi, na kwa nini ameambiwa na majirani. Akauliza kama ndiyo namwacha, na mama yake hata hajazikwa. Iliniuma sana. Neno moja tu, kwamba ni transfa ya gari, lingemtuliza. Lakini jeneza lingehamia kwenye pikapu! Nikamwambia habari bado haijathibitishwa.

Ijumaa, 7 Machi

Tumezika. Wamezika.

Chini ya mlima transfa ilishika vizuri. Nikampungia shemeji mkono. Katikati ya mlima, paa! Mpira umekatika. Injini ikanguruma, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma, na mama mkwe ndani. Waombolezaji wakatawanyika matopeni. Nikavuta breki ya mkono, nikakanyaga na ya mguu, nikapiga ukelele ambao siuandiki hapa. Likasimama.

Shemeji akachungulia, akauona mpira. Akauliza kama hiyo ndiyo transfa yenyewe. Nikasema ndiyo. Mke wangu alikuwa nyuma yake, amesikia.

Alivua viatu, akashika jeneza upande wa mbele pamoja na kaka yake, na nduguze wakaja. Wakambeba mama yao mabegani mpaka juu, wakiteleza na kuinuana. Mimi nilibaki na mguu kwenye breki, maana ningeutoa gari lingeteremka. Nilisikia wakiimba huko juu. Sikumtupia hata konzi ya udongo. Nimeona aibu, na nimehuzunika.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amesema nami. Amesema mama yake alipanda mlima mabegani mwa wanawe, na hajui heshima inayozidi hiyo. Kisha akasema mimi hajanisamehe.

Nimelitafakari sana hilo la kwanza. Gari lingefika juu, nani angembeba? Basi heshima yote imetokana na mpango wangu. Nimemweleza shemeji. Akaondoka.

Baba mkwe alikuwa peke yake barazani, mnyonge, nikaenda kukaa naye. Akasema siku yake ikifika anataka alazwe kule juu, ubavuni mwa mkewe. Nikamshika mkono. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari lipo. Akauliza nitawezaje, na mimi nimepata transfa.

Nikamwambia nitaomba ruhusa.