Fagia Kwanza, Ndege Baadaye

Jumatatu, 3 Juni

Binamu kanitukana leo. Hakutumia tusi. Alitumia neno "kata". Anataka tukate mwanzo wa gemu letu. Mwanzo wote! Jasho la akili yangu! Yeye ndiye anayechora na kuandika programu, sikatai, lakini mwenye wazo ni mimi. Bila wazo, programu ni umeme unaopotea bure.

Niweke wazi hapa, maana watu husahau. Shujaa wetu ni mlinzi wa kiwanda kilichofungwa. Sehemu ya kwanza anafagia uwanja. Majani yanaanguka, anafagia. Yanaanguka tena, anafagia tena. Karibu saa nzima. Ndipo ardhi inapasuka na unatokea mji uliojengwa migongoni mwa ndege wakubwa wanaoruka. Kuanzia hapo, jamani, huachi! Binamu kawachora wale ndege unyoya kwa unyoya, na bado akiwatazama mdomo unabaki wazi.

Anasema hakuna mtu atakayefika kwa ndege. Nikamwambia mwanzo wa ngoma ni lele. Akajibu nyota njema huonekana asubuhi. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akasema mbivu ikisubiriwa mno inaoza. Hiyo si methali, kaitunga palepale! Kwa hiyo nimeshinda.

Jumamosi kuna maonyesho ya magemu katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Mshindi atapata kampuni ya kulisambaza gemu lake dunia nzima. Nina siku chache za kuthibitisha kwamba watu wanapenda kufagia.

Mama mkwe karudishwa kutoka hospitali. Figo. Daktari kamwambia mke wangu mgonjwa akapumzike nyumbani, basi. Mke wangu alisimama jikoni, bomba linamwaga maji, yeye hana habari nalo. Tumemlaza mama chumba cha mbele, penye meza yangu ya kazi. Sikulalamika. Nililalamika kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya leo: kinyozi! Mteja akishafungwa shuka shingoni, ana pa kwenda?

Kinyozi nimesoma naye, hakunikatalia. Kompyuta juu ya rafu, mbele ya kioo. Kibodi mapajani mwa mteja. Wa kwanza alikuwa mtu wa posta, mstaafu. Akafagia. Akauliza maadui wako wapi. Nikamweleza kwamba adui ni kukata tamaa. Akamwomba kinyozi afanye haraka.

Wa pili alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni jioni hii. Alifagia kwa heshima mwanzoni. Kisha akaanza kupumua kwa pua. Kisha akavua shuka, akasimama, akatoka. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu kichaka! Kinyozi alimkimbilia hadi kona ya mtaa na mashine mkononi. Alirudi peke yake.

Akaniambia, "Ndugu yangu, nakupenda, lakini chukua uwanja wako uondoke."

Tathmini: mazingira hayakuwa rafiki. Nywele zimeingia kwenye kibodi.

Jumatano, 5 Juni

Nilikuwa namkorogea mama mkwe supu wazo liliponijia. Nani hawezi kutoka katikati ya mchezo? Nani hana shuka la kuvua akaondoka? Nikasitisha kijiko. Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Mke wangu ana zamu kiwandani, wanafungasha dawa za meno. Mchana wote mgonjwa ni wangu. Na mgonjwa huyu si mtu hivi hivi: kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Miguu imevimba, uso umevimba, lakini vidole! Nilimwekea kibodi juu ya sinia, vidole vikakaa mahali pake vyenyewe kama kuku wanaorudi bandani.

Akauliza hiki ni kitu gani. Nikasema burudani, mama. Akafagia.

"Mkwe," akasema, "hii ndiyo kazi uliyoachia ile ya bima?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Haya."

Akaendelea. Hakuacha! Hakupumua kwa pua! Mwishowe akalala, kidole juu ya kitufe, shujaa akabaki anafagia mahali pamoja. Nimeandika kwenye tathmini: mchezaji katulia kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Leo kaitisha kibodi mwenyewe. Mwenyewe! Mke wangu, kabla ya kwenda kazini, aliniuliza kama ni busara kumchosha mgonjwa. Mama akajibu badala yangu kwamba dari ya chumba hiki ameshaimaliza kuitazama.

Katikati ya kufagia akaniambia, bila kuinua macho, kwamba na mimi mwanzo wangu ulikuwa hivi hivi. Kwamba nilipokuja kuposa, ndugu zake wote walisema sifai, na yeye ndiye aliyemwambia binti yake anipe muda, huenda mbele kuna kitu.

"Mpaka leo nafagia," akasema.

Nimefurahi sana. Kumbe alinitetea!

Mchana kaja Binamu, macho mekundu. Kaleta flashi. Ndani yake kuna gemu letu likiwa limekatwa: majani machache, kufagia mara mbili tatu, ardhi inapasuka, ndege hao! Kaniomba niliweke hilo kwenye kompyuta ya maonyesho, kwa kuwa yeye atachelewa kufika. Nikasema sawa, hakuna shida. Alipogeuka nikaitumbukiza flashi ndani ya soksi. Si uongo. Nilisema sawa, sikusema lini.

Kisha akakaa kitandani kwa mama na kuanza kumsimulia. Yuko ndege mwenye soko mgongoni, wauzaji wamefunga bidhaa zao kwa kamba zisidondoke. Yuko mwenye shule. Yuko mmoja mzee, anaruka nyuma ya wenzake wote, mgongoni ana nyumba moja tu na taa dirishani. Mama mkwe alisikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya vitufe. Uso wake ulikuwa kama wa msichana. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Binamu haelewi kwamba ukimsimulia mtu utamu, umeshauonja kwa niaba yake?

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Muuguzi wa mtaa kaja kumtazama mama. Kambonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki pale pale, halikurudi. Akamwita mke wangu nje. Niliwaona dirishani. Mke wangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, anatikisa tu, hata muuguzi aliponyamaza.

Mchana mama akaniita.

"Mkwe, nionyeshe wale ndege."

Nikaleta kibodi na sinia. Akasema hapana, mikono imechoka. Nifungue tu huko mbele, atazame.

Hapa lazima niandike ukweli: inawezekana. Kipo kitufe. Binamu alikiweka wakati wa majaribio. Ukikibonyeza unauruka uwanja wote na kutua kwa ndege. Lakini nikifanya hivyo, kazi yangu yote ina maana gani? Asiyefagia, akiwaona ndege ataona ndege tu. Aliyefagia ataona malipo ya subira! Nilimweleza hayo kwa upole na heshima zote. Nikamwambia kabakiza kidogo sana.

"Kidogo kiasi gani?"

Nikasema apumzike leo na kesho, Jumapili tutamaliza pamoja, mimi na yeye.

Akanitazama. Mwanamke huyu amepiga chapa hukumu za watu maisha yake yote, na anajua jinsi ya kumtazama mtu. Kisha akasema, "Haya, mkwe," na kugeukia ukutani.

Jioni mke wangu kaniambia ameomba ruhusa kazini, kesho atabaki nyumbani, na mimi nisiende maonyesho. Nikamweleza kwamba nafasi kama hii huja mara moja tu maishani.

Akasema, "Mama naye alikuja mara moja."

Nilitafuta methali. Sikupata.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda. Nilizima simu ili isije ikalia mbele ya majaji. Huo ni ustaarabu tu, mtu yeyote angefanya hivyo.

Ukumbi umejaa, joto, nyaya kila mahali. Niliwasha gemu letu lote kamili, bila kukata hata jani. Majaji wakafika: mama mmoja mwenye miwani, mkuu wao, na vijana wawili. Mama akashika kibodi, akafagia. Nikasimama nyuma yake nimekunja mikono kama baba nje ya chumba cha kujifungulia. Kijana mmoja akaenda kunywa maji na hakurudi. Mwenzake akaenda kumtafuta.

Mama akauliza, "Linaanza lini?"

Nikamwambia limeshaanza, mama.

Akafagia tena kidogo. Kwa huruma, nadhani. Kisha akaiweka kibodi mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke, akanitakia kila la heri na kwenda meza ya pili. Meza ya pili kulikuwa na gemu la mbuzi anayevunja milango kwa pembe. Linaanza na mbuzi akivunja mlango! Kwa haraka ile! Hakuna hata salamu! Limeshinda.

Binamu akafika kwa jasho, akaona majani kwenye skrini. Akaelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu matatu. Hakupiga kelele.

"Ndege wangu hakuna aliyewaona," akasema. Akachukua mkoba wake na kuondoka.

Nikawasha simu kwenye kituo cha basi. Mke wangu alikuwa amepiga, amepiga, amepiga. Kisha ujumbe wa neno moja: Njoo.

Nilipoona viatu vingi mlangoni kwetu nilijua. Nikasimama nje kwanza, nikavipanga viwili viwili, mpaka mtu akatoka kunishika mkono na kuniingiza ndani.

Jumapili, 9 Juni

Tumemzika. Mvua. Binamu alishika jeneza upande wa mbele, mimi upande wa nyuma.

Watu walipotawanyika nilikaa chumba cha mbele. Kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Nikawasha kompyuta. Nikabonyeza kile kitufe. Yule ndege mzee akapita polepole, na nyumba yake moja na taa yake. Mzuri kweli. Nilisahau kwamba ni mzuri kiasi kile.

Nikazima. Si haki kumwona kabla ya kufagia.

Jumanne, 11 Juni

Mke wangu alikuwa anakunja nguo za mama. Akaniuliza ni ndege gani. Kwamba Jumamosi asubuhi mama alikuwa anawaulizia, anamwambia afungue dirisha, wanapita. Yeye alidhani ni homa.

Nikamweleza. Ndege wa kwenye gemu. Sehemu ya pili.

"Alikuomba umwonyeshe?"

Nikasema ndiyo, Ijumaa.

"Ungeweza?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa kufanya nini?"

Nikasema kwa kubonyeza kitufe.

Akakaa kitandani na gauni la mama mkononi. Hakulia. Akalikunja upya, kisha akaniambia basi nimwonyeshe yeye, angalau aone mama yake alikuwa anataka kuona nini.

Nilifurahi! Tangu tuanze gemu hili hajawahi kuniomba alione. Nikakimbilia kompyuta, nikaiwasha, uwanja ukatokea, majani yakaanza kuanguka. Nikamwekea kibodi mapajani, nikamwonyesha kitufe cha kufagia.

Alikitazama kile kitufe. Akanitazama mimi. Akaiweka kibodi kitandani, akatoka nje, na nilipochungulia alikuwa amesimama ukutani na paji la uso limegusa ukuta.

Pengine alikuwa amechoka. Siku ya leo haikuwa nzuri kwa majaribio.

Ijumaa, 14 Juni

Mke wangu kaenda kwa kaka yake mkubwa. Kabeba masanduku mawili na cherehani. Nilimsaidia kubeba cherehani hadi kwenye gari, ni nzito. Nikamuuliza atarudi lini.

Akasema, "Nahitaji muda."

Nimelitafakari neno hilo tangu asubuhi, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo moyo unavyopata nguvu. Muda! Hakusema basi. Hakusema kwaheri. Mtu anayehitaji muda ni mtu ambaye bado anacheza!

Binamu kaniandikia. Anawachukua ndege wake, atatengeneza gemu lake mwenyewe, na nisimtafute. Awachukue! Ndege ni mapambo. Nyumba husimama kwa msingi, na msingi ni wangu.

Halafu, nikiwa peke yangu kwenye nyumba hii iliyotulia, hakuna wa kunikohoza wala kunikatiza, nimeona kosa letu lilipokuwa. Limenijia lote kwa mkupuo. Watu hawakuchukia kufagia. Walichukia kwa sababu tuliwapa kufagia kirahisi mno! Unaanza tu, ufagio uko mkononi. Nani anathamini kitu cha bure? Kinyozi, majaji, wote niliwadekeza.

Nimeifungua programu ya Binamu na kurekebisha mwenyewe, kwa kubahatisha. Sasa mchezaji ataanza hana kitu. Ataona uwanja, ataona majani, na itambidi autafute ufagio kwanza. Kiwanda kizima, chumba kwa chumba, gizani. Hapo ndipo atakapoona raha ya kufagia.

Nimeuficha vizuri mno. Mimi mwenyewe nautafuta tangu saa sita, sijauona bado.