Kadi Mia Mbili zenye Uso Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema! Kiongozi wetu anahamishwa kikazi. Nimemsikitikia pia. Kidogo.

Ni mwalimu wa chekechea, na kwa miaka minne ameongoza Kundi la Wema la kanisa letu. Tuko kumi na mmoja. Tunawafanyia watu tusiowajua mambo madogo mema, wapate kuonja upendo wa Mungu bila kuhubiriwa. Unambebea mtu mzigo, unamshika mzee mkono kuvuka barabara, unampa kadi iliyoandikwa "Mungu anakupenda", unaondoka bila kutaja jina. Hiyo ndiyo kanuni. Mchungaji atatangaza kiongozi mpya Jumapili.

Nautaka uongozi huu kufa na kupona. Kaka yangu ni mzee wa kanisa. Dada yangu anaongoza kwaya. Mimi nina miaka arobaini na mbili na kazi yangu kanisani ni kufungua madirisha.

Mpinzani ni mmoja tu, Fundi Cherehani, mama anayeshona kibarazani mkabala na duka langu la fotokopi. Akiona mpita njia ana pindo lililofumuka, anamwita, anamshonea akiwa amesimama hapohapo, anampa kadi, anarudi kwenye kazi yake. Leo wanne. Nimewahesabu dirishani. Huyu mama atanimaliza.

Nimemlalamikia mke wangu kuhusu kanuni. Usipotaja jina, mchungaji atajuaje ni wewe? Akasema Mungu anajua. Nikamwambia Mungu siye atakayetangaza Jumapili. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 5 Machi

Usingizini nimepata jibu. Kanuni inakataza jina. Haisemi lolote kuhusu picha!

Kadi za kundi huchapwa dukani kwangu. Nimechapa mia mbili mpya: mbele "Mungu anakupenda", nyuma uso wangu, ile picha ya pasipoti yenye tai ya buluu. Mke wangu akasema nafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Wivu tu.

Nimeanza leoleo. Dada mmoja kituo cha basi amefunikwa na mwavuli wangu hadi basi lilipofika. Kadi! Mama mwingine alikuwa anatoka sokoni na kikapu kizito. Nikakishika kwa nyuma nimsaidie. Akatimua mbio. Nikamkimbilia nikipaza sauti kwamba mimi ni mtu wa Mungu, na hapo ndipo akaongeza mwendo. Kadi nilimrushia.

Jumatano, 6 Machi

Siku nzito.

Niliamka alfajiri na wazo kubwa kuliko yote. Hospitalini, nje ya maabara, kuna foleni kila asubuhi. Watu wengi, mahali pamoja, wote wananitazama mimi! Nikabeba chupa mbili kubwa za chai na mikate kumi.

Niliwakuta kwenye benchi, kimya, midomo imekauka. Njaa tupu. Hakuna aliyekuwa na kitu mkononi. Nikajiuliza mbona kundi zima halijawahi kufika hapa. Nikamimina. Wengine walisita, nikawahimiza. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu alikataa kabisa, akasema binti yake amemwagiza asionje kitu. Nikamwambia asikatae zawadi ya Mungu. Nikamshikisha kikombe. Akanywa viwili, na mkate akala.

Kisha mtaalamu wa maabara akafungua mlango. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna yeyote aliyekula au kunywa chochote tangu jana jioni.

Watu ishirini na watatu. Vipimo vyao vilihitaji tumbo tupu. Wote wakaambiwa warudi kesho.

Niliondoka taratibu, kisha si taratibu. Chupa niliziacha. Kadi walibaki nazo.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi kaja mwanamume mwenye kifua kama kabati. Ameikuta picha yangu kwenye pochi ya mkewe. Alitaka kujua mimi ni nani kwao. Nikamweleza habari ya mwavuli. Akasema mkewe ana mwavuli wake. Nilimwonyesha kadi zote zilizobaki, aone kwamba nimemgawia kila mtu. Hilo halikumtuliza. Akasema basi nina wengi.

Mchana ikawa mbaya zaidi. Mlinzi wa hospitali aliingia na kadi yangu. Alitaka uso ule ukuzwe ujae karatasi nzima, na chini yake pawekwe maneno: "USIPOKEE CHAKULA KWA MTU HUYU." Nakala ishirini.

Nilivaa kofia haraka, nikainamia mashine. Nikazidisha wino hadi uso ukawa giza. Mlinzi akairudisha, akasema haionekani vizuri. Nikafifisha hadi ikabaki pua tu. Akasema ndugu yangu, fanya kazi. Ya tatu ilitoka safi sana. Nakiri mashine yangu ni nzuri.

Akaniangalia, akaiangalia karatasi. Akauliza kama huyu ni ndugu yangu. Nikasema ni wa mbali.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi Cherehani amevuka barabara. Katika miaka sita hajawahi kuvuka. Akaweka kadi yangu mezani, uso juu.

Akaniambia kuhusu mzee wa koti la kijivu. Anatoka mbali, mabasi mawili. Juzi, baada ya kurudishwa, alikuja kukaa kibarazani kwake kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Akamlaza kwake, jana akamsindikiza maabara, na majibu yatatoka Jumatatu. Wanashuku ini.

Nikaanza kujieleza. Nikasema niliona wana njaa.

"Hakuwa na njaa," akasema. "Alikuwa na hofu. Ungemuuliza tu."

Akarudi kwake. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nimeona aibu, ile ya kweli inayopanda hadi masikioni. Duka nimelifunga mapema, nimekaa ndani peke yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetubu. Nitaungama mbele ya kanisa zima.

Halafu nikawaza: mtu anayeungama mbele ya kanisa zima si ndiye mnyenyekevu kuliko wote? Mchungaji atakosaje kumchagua mtu kama huyo? Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Jicho la kushoto linatoa chozi vizuri, la kulia ni gumu. Mke wangu alipita akauliza nani amefariki.

Jumapili, 10 Machi

Mpango ulikuwa nisimame kabla ya tangazo. Kwaya ya dada yangu ikarudia ubeti wa mwisho mara tano. Ilipomaliza nikainuka, leso mkononi, chozi la kushoto tayari. Wakati huohuo mchungaji akatangaza: Fundi Cherehani.

Nikabaki nimesimama peke yangu, nalia. Kanisa likadhani nalia kwa furaha ya mwenzangu. Wakanipigia makofi. Kaka yangu alinikumbatia. Sasa hapo unaungamaje?

Baada ya ibada mzee wa koti la kijivu alinijia. Nikautafuta mlango kwa macho. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Chai yako ilikuwa tamu," akasema. "Ila siku nyingine, mwanangu, nikikataa niache."

Hapo jicho la kulia nalo likafunguka. Sikuwa nimelipangia.

Jumatatu, 11 Machi

Kiongozi mpya amenipa kazi. Kila asubuhi nikae kwenye foleni ya maabara, mikono mitupu, niwaulize watu habari zao na kuwasikiliza. Kadi zangu zimechomwa. Amezungumza na mlinzi, akakubali niingie baada ya kunipapasa mifuko yote.

Nimekaa na mzee hadi majibu yakatoka. Ini lina shida, ila shida yenyewe ina dawa. Alicheka, nami nikacheka. Sikumpa chochote. Njiani kurudi nyumbani nilijisikia mwepesi ajabu, na nikaelewa kwamba wema wa kweli hautafuti macho ya watu. Nimebadilika kabisa.

Jioni Fundi Cherehani akadokeza kwamba mwishoni mwa mwezi kundi litahitaji naibu kiongozi. Atatafuta mtu asiyependa kuonekana.

Ni mimi huyo! Kwa kutopenda kuonekana, nitawashinda wote. Nitafagia uwanja wa kanisa kwa siri, bila kumwambia mtu. Nimeshachagua mahali na saa: lango kuu, Jumapili saa tatu, watu wanapoingia.