Tundu la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Binti yangu kapiga simu: anakuja Jumamosi kutoka chuoni, anataka kumwona Hakimu. Hakimu ni samaki wake wa maji ya chumvi, mwenye mistari mitatu na jicho la kukutia hatiani. Aliniachia tangi pamoja na karatasi moja: BABA, USIGUSE KITU. Sikugusa kitu. Nilimlisha tu. Sasa maji yana rangi ya chai na Hakimu anahema juu juu. Nikamwambia Binti kwamba samaki ni mzima kabisa. Mke wangu alisikia, akaondoka sebuleni.

Jumanne, 4 Machi

Dawa nimeipata! Muuza samaki kasema niweke tangi la pili chini ya lile la kwanza, nipande mwani humo na kuuwashia taa. Maji machafu yanashuka, mwani unakula uchafu, pampu inayapandisha yakiwa safi. Akauliza kama nina fundi. Fundi wa nini? Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita! Mzunguko wa maji naujua kuliko mvua yenyewe. Mke wangu akamtaja kaka yake, fundi bomba. Nikajitia kiziwi. Shemeji huyo mpaka leo anasimulia habari za sinki niliyoiunga mwenyewe, hata misibani.

Jumatano, 5 Machi

Limekamilika! Bomba la kupandisha maji nimelizamisha mpaka karibu na mchanga, ili Hakimu apate maji safi hata akilala. Nimesimama mikono kiunoni dakika arobaini.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Asubuhi nilizima pampu ipumzike, nikaenda shuleni. Kumbe pampu ikizima, maji ya juu yanarudi kwa bomba lile lile, na tangi la chini halina pa kuyaweka. Nimekuta zulia limelowa chapachapa na Hakimu kalala ubavu kwenye maji ya kina cha kidole. Nitamwambia nini mwanangu?

Mke wangu kamwita Shemeji. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akatoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Pampu ikizima, tundu linavuta hewa na maji yanakoma kurudi. Dakika tatu tu! Akanionya nisilizibe kamwe. Tukachanganya maji mapya ya chumvi, na Hakimu akasimama wima. Shemeji akanywa chai vikombe viwili, kwenye kiti changu.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yameanza kung'aa. Hakimu kanitazama bila kunishtaki, mara ya kwanza wiki hii. Lakini tundu la Shemeji linatema maji kama mtoto mwenye pengo. Binti atadhani sijui kuunga bomba. Nimeliziba kwa nta ya mshumaa. Kwa kesho tu! Swichi nimeifunga kwa selotepu. Nani ataizima?

Jumamosi, 8 Machi

Binti ameizima.

Alifika, akaona mwani, akanikumbatia, akauliza kama nimefanya yote peke yangu. Nikasema ndiyo. Shemeji, aliyekuja tena kunywa chai, akakohoa. Binti akasema anataka kusogeza jiwe moja ndani ya tangi, na chuoni wamefundishwa kuzima pampu kwanza. Akabandua selotepu. Ningeweza kusema. Sikusema.

Ndoo, sufuria, mabeseni, mpaka birika! Hakimu yuko salama. Binti alichokonoa nta kwa ukucha, akanitazama. Shemeji hakucheka hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Tumekausha zulia, mimi na Binti. Akauliza maji yalichafukaje. Nikamwambia ukweli: tangu aondoke nyumba imepoa, na kila nikimkumbuka nilikuwa namlisha Hakimu. Mara ngapi kwa siku? Tano. Sita. Akaniegemea begani. Akatoboa tundu la pili, kwa usalama. Akaniapisha: kabla ya kugusa chochote, nimpigie kwanza. Nikaapa kwa moyo wote. Ameondoka saa tisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoka shuleni. Matundu mawili sasa yanatema maji kwa zamu. Kero! Nimempigia Binti, kama nilivyoapa. Hakupokea, labda yuko darasani. Basi, wajibu wangu nimetimiza. Mshumaa uko wapi?

Hakimu ameshakula mara tatu tangu niingie.