Geti Lililofaulu Kabla Yangu

Haya, vuteni viti, mnisikilize mpaka mwisho ndipo mcheke. Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, nyumbani kwangu, mbele ya mkaguzi, na dera jipya mwilini.

Kwa wale ambao hawajui: baada ya miaka kumi na moja ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, nimeamua kulea watoto nyumbani, hapa hapa Hounslow, London. Watoto wanne, kuanzia asubuhi mpaka wazazi watoke kazini. Fomu nimejaza, mafunzo ya huduma ya kwanza nimemaliza. Kilichobaki ni ukaguzi wa nyumba, na kilichokuwa kikininyima usingizi ni kitu kimoja tu: bwawa.

Tulilikuta wakati tunahamia. Bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba, mtu mzima akipiga mikono sita amefika ng'ambo. Mume wangu, Baba Asha, hataki kusikia habari ya kulifukia. (Analiogelea wiki mbili kwa mwaka, zile ambazo London inakumbuka kwamba kuna jua.) Sasa, wengi mnaniuliza kuhusu sheria, basi nieleze. Mtu halazimishwi hapa kuzungushia uzio bwawa la nyumbani kwake. Lakini ukitaka kulea watoto wa wenzio, lazima mkaguzi aridhike kwamba mtoto hawezi kuyafikia maji peke yake. Asiporidhika, kibali hakuna, na mimi narudi kwenye zamu zangu.

Kwa hiyo tukajenga uzio, na hapo ndipo tulipogombana. Baba Asha alitaka mbao zilizobanana, mita mbili na nusu kwenda juu, kama ua wa kwao Unguja, ambako mwanamke anakaa kichwa wazi na jirani hajui hata kama yupo. Nikamkalisha chini, nikamweleza polepole. Uzio wa nyuma ya nyumba ukizidi mita mbili lazima uombe ruhusa kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, na wa mbele, kando ya barabara ya magari, mwisho wake ni mita moja. Halafu, uzio wa bwawa si wa kujisitiri, ni wa kuona. Ukiwa jikoni uyaone maji yote. Kwa hiyo tuweke vyuma vyembamba vilivyosimama wima, visiwe na pa kukanyaga, mtoto asipande. Geti lifunguke kwenda nje, mbali na maji, lijifunge lenyewe kwa springi, na komeo liwe juu kabisa. Alinuna siku mbili, kisha akakubali. (Leo, mnamo saa tano asubuhi, nilizitamani mbao zake.)

Mkaguzi alifika saa nne na nusu. Mama wa makamo, mpole, miwani inaning'inia kifuani. Mimi nilikuwa ndani ya dera lililotoka Dar wiki iliyopita, pana, refu, linafagia sakafu. Mgeni wa heshima utampokea na nguo gani? Chini yake, kwa ajili ya baridi, nilivaa suruali ya kulalia na fulana ya Baba Asha ya kampeni za uchaguzi, yenye picha kubwa ya mgombea aliyeshindwa. (Nani angeiona?) Baba Asha mwenyewe nilimwomba akae chumbani juu na asiseme neno, maana akianza historia ya lile bwawa hatumalizi leo.

Mambo yalikwenda vizuri. Dawa zimefungiwa, ngazi ina kizuizi, visu viko juu. Mama wa watu anaandika tu. Tukatoka nje, akaomba nimwonyeshe geti.

Nikavuta komeo, nikaingia upande wa maji, nikamgeukia mkaguzi aliyebaki nje, kama mwalimu mbele ya ubao. Nikamweleza kwamba mtu mzima anaweza kusahau, lakini geti hili halisahau. Nikaliachia. Likaja taratibu, likajifunga, ta. Nikageuka nimwonyeshe kina cha maji. Sikufika. Kitu kilinivuta nyuma.

Dera lilikuwa limebanwa na geti.

Nikalivuta kidogo, kwa adabu. Wapi. Nikanyoosha mkono kwenye komeo, nikalifikia, lakini haliinuki, kitambaa kimeingia mpaka kwenye ulimi wake, na kila nikivuta kinazidi kujisokota. Nikatabasamu. Ndege ikapita juu yetu, tukasubiri kelele zake ziishe, kama kawaida ya hapa karibu na uwanja wa ndege, mimi nimesimama upande kama nguo kwenye kamba.

Zilipoisha, dirisha la juu likafunguka.

"Mama Asha, vuta."

"Si ndiyo navuta."

"Usivute hivyo, utalichana. Panda juu utoke."

"Baba Asha, rudi ndani."

Kupanda wapi? Uzio nimeuchagua mwenyewe, hauna pa kukanyaga. Nilijaribu hata hivyo, nisiwafiche. Mguu ukateleza, nikabaki nimevikumbatia vyuma, uso kwa uso na mkaguzi. Nyuma ya mbao za Baba Asha asingeona kitu. Kwenye uzio wangu aliona vyote.

Nilidhani atacheka, au atanisaidia. Akafungua ukurasa mpya.

"Tuseme sasa hivi mtoto analia ndani," akasema. "Uko peke yako. Unafanyaje?"

Halikuwa swali la utani. Mlezi aliyefungiwa na maji, watoto wakiwa upande wa pili, huyo si mlezi. Miezi yangu yote ya maandalizi ilikuwa inaning'inia kwenye lile pindo.

Nikaushika mtandio wangu wa kichwani kwa meno usianguke, nikaingiza mikono ndani, nikachuchumaa, nikalivua dera lote kwa kichwani. Likalegea. Nikalivuta geti upande wangu, kitambaa kikalegea kwenye ulimi, komeo likainuka. Nikampita mkaguzi mbio na suruali yangu ya kulalia, nikaingia jikoni, nikapiga magoti mbele ya mtoto asiyekuwepo, nikamwambia, "Nimeshafika, mwanangu, usilie."

Nilipogeuka, mkaguzi alikuwa mlangoni, anaitazama fulana. Akauliza huyo bwana wa kifuani ni nani. Nikamwambia aligombea, hakupata. Ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashika mlango.

Kisha akapangusa macho, akaniambia geti limefaulu lilipojifunga, na mimi nimefaulu nilipofika jikoni. Barua itafuata kwa posta, ila nianze kuwapigia wazazi. Jambo moja tu ameliandika pembeni: mlezi asivae nguo ya kuburuza karibu na geti.

Baba Asha ameshuka, amelitoa dera bila kulichana, na amenikumbusha mara tatu kwamba mbao hazibani nguo za watu. Mwacheni aseme. Mwenye kazi mpya ni mimi.

Haya, chekeni. Na wewe unayemngoja mkaguzi wiki hii: simama nje ya uzio, geti mwachie alifungue mwenyewe.