Ombi la Kuwafukuza Kazi Walinzi wa Kidole Changu

Kwa Bwana Mkuu wa Kituo cha Afya,
Ait Wazzu, njia ya Erfoud.

Bwana Mkuu,

Salamu, na afya njema iwe kwako, maana kwangu imegoma. Mimi ni Lahbib, mpanda mitende. Kama hunijui, basi wewe ndiye mgeni hapa bondeni. Nimekaa Marseille, nimekula sahani moja na mabaharia wa kila rangi, na shule niliiacha kabla haijaniacha. Silalamiki ovyo.

Juma lililopita nilipanda mtende wa marehemu mama yangu ili kuusafisha kabla ya kuutia chavua ya mtende dume. Watu wengine hukata miiba kwanza. Mimi sikati, miiba ya mtende ule inanijua tangu utoto. Mmoja ukaniingia kidole gumba cha kulia, ukakatikia humo humo. Mke wangu Tuda akasema, "Si ulisema inakujua? Ndiyo hiyo imekusalimia."

Nikaja kwenu. Muuguzi wako, Bi Ghizlane, akanieleza kwamba ndani yangu kuna walinzi niliozaliwa nao. Hawakusomea kazi popote, na wakiona kijidudu kigeni hukivamia bila kukiuliza jina. Uvimbe na moto kidoleni, eti ni kazi yao. Hongera zao. Nawashtaki kama ifuatavyo:

1. Hawakuomba ruhusa. Kidole ni changu, wao wamekijaa kama wageni wa arusi, na sasa kina ukubwa wa bilingani. Wanapigana na wadudu wasioonekana, lakini anayelia ni mwenye nyumba.

2. Hawajui majira. Karara zinazofunika maua ya mtende wa mama zimepasuka, maua yako wazi. Yasipotiwa chavua siku hizi chache, mwaka huu tutavuna vitunda visivyo na kokwa ambavyo hata punda huvipa kisogo. Tangu mama afariki hakuna aliyeupanda mtende ule ila mimi. Sasa kijiji kizima kinamtaja binamu yangu Addi, apandaye kama gunia la viazi! Nikimwambia asubiri, hunijibu: "Mimi nasubiri, ndugu yangu. Kaliulize ua kama linasubiri."

3. Ujeuri huu unaambukiza. Makuti ya mtende huo huo yana mabaka makavu. Nikadhani ukungu unayala. Afisa kilimo akasema la, mtende wenyewe umeua vipande vyake kuuzunguka ukungu, ukwame hapo usiende mbele. Mtende, Bwana Mkuu! Hauna damu wala daktari, lakini unachoma chumba kimoja ili moto usifike sebuleni. Hata punda wangu alipopata homa alisusa shayiri akasimama pembeni kama mjane. Naye, naambiwa, mwili wake ulikuwa vitani. Kila chenye uhai hapa kina jeshi, na hakuna jeshi hata moja linalomsikiliza Lahbib.

4. Niliomba sindano ya kuwatuliza, ile wanayochomwa wachezaji mpira warudi uwanjani. Bi Ghizlane akanijibu mbele ya foleni nzima: "Bwana Lahbib, ukiwafungia walinzi, mwizi utamwachia nani? Wewe?" Wakacheka wote, hata bibi aliyekuja na jino bovu. Nikapewa vidonge, na maji ya moto ya chumvi. Mimi, niliyefika Marseille, nikae nimechovya kidole kama biskuti!

Kwa hiyo naomba walinzi wangu wafukuzwe leo, na nafasi zao wapewe wenye vyeti, watakaobisha hodi. Ikishindikana, wapewe likizo hadi mavuno. Vijidudu nitazungumza navyo mwenyewe. Nimezungumza na polisi wa Marseille, sembuse vijidudu.

Nisalimie wauguzi wote, mfagiaji, na yule bibi wa jino. Bi Ghizlane naye msalimie, ila kwa sauti ya chini.

Wako mwenye haki na maumivu,
Lahbib wa Ait Wazzu

Nyongeza: Mwandiko huu mbovu ndio wangu. Ule mzuri wa juu ni wa Addi. Kidole kilikataa kalamu, nikamtamkia. Hata pale pa gunia la viazi aliandika bila kubadilisha neno, akatikisa kichwa tu.

Asubuhi hii uvimbe umepasuka. Usaha umetoka, na katikati yake ncha ya mwiba, nyeusi, imesukumwa nje na wale wale niliotaka wafukuzwe. Kalamu naishika. Kamba ya kupandia bado.

Nilipofika kwenye mtende, Addi alikuwa juu tayari, anafunga vijiti vya ua dume ndani ya karara ya mwisho. Chini pamejaa miiba. Ameikata yote kwanza, kama alivyokuwa akifanya mama.

Walinzi waacheni kazini. Hawakuniomba ruhusa. Addi naye hakuniomba.